John Walter Gregory: Aliyelisoma Bonde la Ufa na kukataa kudanganywa na jiwe

MSAFIRI anayetoka Moding kuelekea Malaba, iwapo anga ni safi, huuona mwamba wa Tororo ng'ambo ya mpaka ukiwa umesimama peke yake juu ya tambarare, mithili ya mlinzi aliyesahauliwa na jeshi lake. Wakazi wa pande zote mbili huutazama kila uchao, lakini ni wachache wanaojiuliza ulitoka wapi.

Mwamba huo ni mabaki ya volkeno ya kale. La ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya mawe yake ni ya chokaa, madini yale yale yaliyomo katika matumbawe ya Mombasa. Chokaa ya Tororo imechomwa kuwa saruji kwa miaka mingi, kama ambavyo chokaa ya Bamburi, Pwani ya Kenya, nayo ilichomwa ikawa saruji.

Saruji hizo mbili hufanana, lakini asili ya mawe yake haifanani hata kidogo. Chokaa ya Bamburi ilijengwa na viumbe hai wa baharini, kizazi baada ya kizazi, mpaka miili yao ikawa mwamba. Chokaa ya Tororo ilipanda kutoka tumboni mwa ardhi ikiwa moto. Moja ni kaburi la viumbe, nyingine ni zao la volkeno, na anayeokota kipande kidogo cha kila moja anaweza kukosea asijue kipi ni kipi.

Swali la namna ya kulitambua jiwe lililoguswa na uhai na jiwe linaloiga uhai tu ndilo lililomshughulisha kijana mmoja wa London kabla na baada ya kukanyaga ardhi ya Afrika Mashariki mwaka 1893. Jina lake lilikuwa John Walter Gregory, na Wakenya wengi hutumia jina alilolibuni bila ya kumfahamu mwenyewe, kwani ndiye aliyelieneza jina la Bonde la Ufa.

Kumkumbuka Gregory si jambo jepesi. Alikuwa msomi wa mawe aliyekuwa makini kupita wengi wa zama zake, na vilevile alikuwa mtu aliyewadhania vibaya wanadamu wenzake. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, na haifai kulisimulia moja na kulificha la pili.

Kutoka gulio la sufi hadi jumba la makumbusho

Gregory alizaliwa tarehe 27 Januari 1864 katika mtaa wa Bow, mashariki mwa London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufi, na mwana naye alitarajiwa kufuata nyayo hizo. Alipofikisha umri wa miaka 15 aliacha shule akaingizwa katika kazi ya mauzo ya sufi.

Lakini jioni, wenzake walipokuwa wakipumzika, yeye alikwenda kusoma katika taasisi ya Birkbeck, iliyowafundisha watu wa kazi baada ya saa za kazi. Huko ndiko alikoonja elimu ya miamba. Mwaka 1887 aliajiriwa kuwa msaidizi katika idara ya jiolojia ya Jumba la Makumbusho la Uingereza, na akiwa kazini alijipatia shahada yake ya kwanza mwaka 1891 na ya uzamifu mwaka 1893, zote za Chuo Kikuu cha London.

Kazi yake katika jumba hilo ilikuwa kuchunguza visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Alishughulika zaidi na matumbawe, na wanyama wadogo wa baharini ambao huishi kwa makundi na kujenga vijumba vya chokaa. Ni kazi inayotaka subira: kukata jiwe, kulisugua mpaka liwe jembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kisha kulitazama kwa hadubini kwa saa nyingi.

Kazi hiyo ilimfundisha jicho lake jambo moja ambalo baadaye lilimfaa sana. Kiumbe huacha mpangilio ndani ya jiwe, na madini nayo hujipanga. Mipangilio hiyo miwili inaweza kufanana kama mapacha, na anayeharakisha kuamua huaibika.

Mnyama wa alfajiri aliyegeuka kuwa jiwe tupu

Katika mwaka ule ule aliozaliwa Gregory, wataalamu wa Kanada walikuwa wakilichunguza jiwe moja la ajabu. Lilikuwa na tabaka nyembamba za madini meupe na ya kijani zilizopishana kama kurasa za kitabu. Lilitoka katika miamba mikongwe mno, ambayo watu walidhani iliumbwa kabla ya kuwapo kiumbe chochote.

Mwaka 1865 John William Dawson, mkuu wa Chuo cha McGill mjini Montreal, alitangaza kwamba jiwe hilo ni mabaki ya kiumbe cha kale kuliko vyote. Alikiita Eozoön canadense, maana yake mnyama wa alfajiri wa Kanada. Kwa maoni yake, kilikuwa kiumbe sahili cha seli moja, ila kikubwa ajabu, kilichojijengea vyumba vya chokaa, na vyumba hivyo baadaye vikajazwa madini ya kijani.

Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe. William Carpenter wa London, bingwa wa hadubini, aliiunga mkono. Charles Darwin, aliyekuwa akisumbuliwa na ukosefu wa visukuku vya zama za mwanzo kabisa, alikitaja kiumbe hicho katika toleo la mwaka 1866 la kitabu chake kuhusu asili ya spishi.

Walikuwapo waliopinga. William King na Thomas Rowney, waliofundisha Galway, Ireland, walidai mapema kwamba tabaka zile ni kazi ya madini peke yake. Karl Möbius wa Ujerumani alifikia uamuzi kama huo mwishoni mwa miaka ya 1870. Hata hivyo Dawson hakusalimu amri, na kila alipobanwa alileta kipande kingine alichoona ni bora kuliko vya awali.

Kipande kimoja alichokitegemea kilitoka mahali paitwapo Tudor, Ontario. Mwaka 1891 Gregory, akiwa na umri wa miaka 27 tu, alichapisha uchunguzi wake juu ya kipande hicho. Alionyesha kwamba kilichodhaniwa kuwa kuta za kiumbe kilikuwa ni mistari ya kalsiti, yaani madini ya chokaa, iliyojipanga ndani ya mwamba bila ya msaada wa uhai wowote.

Pigo kubwa zaidi lilitolewa mwaka 1894. Gregory alishirikiana na Henry Johnston-Lavis, daktari Mwingereza aliyeishi Naples na kuichunguza volkeno ya Vesuvius kwa miaka mingi. Walichukua mapande ya chokaa yaliyorushwa na Monte Somma, volkeno mama ya Vesuvius, wakayakata na kuyatazama. Ndani yake wakakuta tabaka zile zile za Eozoön.

Hoja yao haikuhitaji maneno mengi. Chokaa ya kawaida ilikutana na uji wa moto wa volkeno, madini yakabadilishana viini kwa nguvu ya joto, na tabaka zikajipanga zenyewe. Ikiwa moto wa Italia unaweza kuchora sura ya mnyama wa alfajiri, basi sura peke yake si ushahidi kwamba mnyama huyo aliwahi kuishi.

Dawson alifariki mwaka 1899 akiwa hajakubali. Lakini kwa wataalamu wengi jambo hilo lilikuwa limekwisha, na Eozoön imebaki katika vitabu kama onyo kwa kila anayetafuta chanzo cha uhai katika mawe.

Safari ya miguu kutoka Mombasa

Kati ya andiko la 1891 na lile la 1894 ndipo Gregory alipokuja Afrika Mashariki. Alijiunga na msafara mkubwa wa Waingereza uliokusudia kufika Ziwa Turkana, ambalo wageni waliliita Rudolf. Msafara huo ulisambaratika katika pande za Mto Tana kabla ya kufika mbali, naye akarejea Mombasa akiwa dhaifu kwa malaria.

Badala ya kupanda meli kurudi kwao, aliukusanya msafara wake mwenyewe wa wapagazi wapatao 40, na mnamo Machi 1893 akaondoka Mombasa kwa miguu. Alipita Ukambani, akafika Naivasha na Baringo, akavuka Laikipia, kisha akapanda Mlima Kenya mpaka kwenye barafu yake. Alirudi Mombasa Agosti mwaka huo huo.

Wapagazi hao ndio waliobeba chakula, mahema na masanduku ya mawe aliyokusanya. Bila ya mabega yao na elimu yao ya njia, pasingekuwa na kitabu wala sifa. Barafu moja ya mlima huo iliitwa Gregory baadaye, ilhali wenzake wa safari hawakupata heshima ya namna hiyo.

Alichokiona Gregory kilibadilisha elimu ya jiolojia. Eduard Suess wa Vienna alikuwa amekwisha kubashiri, kwa kutumia taarifa za wasafiri wengine, kwamba Afrika Mashariki imepasuka. Gregory ndiye aliyekwenda kusimama kwenye kuta zenyewe. Alieleza kwamba bonde hilo halikuchimbwa na mto kama mabonde mengine, bali ardhi ilipasuka kwa mistari miwili inayokwenda sambamba na kipande cha katikati kikazama.

Kitabu chake kuhusu Bonde la Ufa kilitoka mwaka 1896, na jina hilo likashika. Hadi leo wataalamu huliita tawi la mashariki la bonde hilo kwa jina lake. Vilevile alionyesha kwamba barafu ya Mlima Kenya ilikuwa imeshuka chini zaidi katika zama za kale, jambo lililoashiria kuwa hali ya hewa ya Afrika imebadilika mara nyingi.

Wakati huo mpaka wa Malaba na Busia haukuwako. Sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ya leo, pamoja na nchi ya Wateso, ilihesabiwa kuwa ya Uganda hadi mwaka 1902 Waingereza walipoihamishia upande wa Kenya. Mstari huo uliwagawa Wateso, lakini haukuigawa miamba, kwani mawe yenye dhahabu yaliyoko Busia ya Uganda ni ndugu wa yale yaliyoko upande wa Kenya.

Jinsi jiwe linavyotunza kiumbe kisichoonekana

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa madini huiga uhai kwa ustadi kiasi hicho, je, yanaweza pia kuutunza kwa kweli? Jibu ni ndiyo, na nchi ile ile aliyoipita Gregory ina mifano bora.

Katika Ziwa Bogoria, kusini mwa Baringo, chemchemi hutoa maji ya moto yaliyojaa madini. Kando yake huota utando wa rangi ya kijani na ya machungwa, ambao ni mamilioni ya bakteria walioshikana kama mkeka. Maji yanapopoa au kukauka, madini huganda juu ya utando huo: wakati mwingine kalsiti, wakati mwingine silika, ambayo ni madini ya jamii ya mchanga na kioo.

Silika ikiwahi kumfunika bakteria kabla hajaoza, humzika akiwa na umbo lake. Mwili wenyewe huisha, lakini ukungo wake hubaki, na pengine chembe za kaboni zilizokuwa mwilini. Miaka ikipita, silika hiyo hugeuka kuwa gumegume, lile jiwe gumu ambalo wazee walilitumia kuwashia moto. Gumegume halipitishi maji kwa urahisi, ndiyo maana huitunza siri yake kwa muda mrefu.

Kuna njia nyingine pia. Bakteria waishio katika maji ya kina kifupi hunasa vumbi na chokaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka wajenge kichuguu cha jiwe kiitwacho stromatoliti. Mawe ya namna hiyo yapo kando ya mabonde ya Magadi na Natron, juu ya usawa wa maji ya leo, yakionyesha mahali ziwa la kale lilipofika. Madini ya fosfati, chuma na salfa nayo yanaweza kuchukua nafasi ya mwili wa kijidudu.

Mwaka 1967 Hans Eugster, mtaalamu mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, alitangaza madini mawili mapya kutoka Ziwa Magadi. Moja liliitwa magadiiti na jingine kenyaiti. Alieleza kwamba madini hayo yakipoteza chumvi na maji yake hugeuka kuwa gumegume, na kwamba huenda baadhi ya magumegume ya kale duniani yalizaliwa hivyo.

Baadaye watafiti wengine waliyachunguza magumegume ya Magadi na kukuta ndani yake maumbo ya vijidudu. Wakadai kwamba sehemu ya mawe hayo ilitokana na mikeka ya bakteria iliyoganda. Hivyo mjadala wa Gregory na Dawson ukajitokeza upya, safari hii kandokando ya reli ya Magadi: ni kiasi gani ni kazi ya kemia, na ni kiasi gani ni kazi ya uhai?

Gregory mwenyewe hakuishi kuyaona mambo hayo. Hata hivyo alirudi Kenya mwaka 1919, na katika pande za Olorgesailie, kwenye njia ya Magadi, aliona zana za mawe za binadamu wa kale, zaidi ya miaka 20 kabla ya Mary na Louis Leakey kuanza kuchimba hapo. Udongo mweupe unaopatikana mahali hapo umejaa maganda ya silika ya diatomu, mimea midogo mno ya majini isiyoonekana bila ya hadubini. Kitabu chake cha pili kuhusu jiolojia ya Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1921.

Maisha ya kuzunguka dunia

Baada ya safari ya kwanza ya Afrika, Gregory hakutulia. Mwaka 1895 alimwoa Audrey Chaplin, na wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Mwaka 1896 alikwenda Spitsbergen, karibu na ncha ya kaskazini. Mwaka 1900 alihamia Australia kuwa profesa Melbourne. Aliteuliwa kuongoza wanasayansi wa msafara wa Robert Scott wa Antaktika, lakini akajiuzulu mwaka 1901 kabla ya msafara kuanza, kutokana na mvutano juu ya nani angekuwa na mamlaka.

Mwaka 1904 alichukua kiti cha jiolojia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, akakikalia hadi mwaka 1929. Aliandika vitabu vingi na mamia ya makala.

Mwaka 1908 alitumwa Cyrenaica, katika Libya ya leo, na shirika la Wayahudi lililotafuta mahali pa kuwapa makazi watu wao. Waliomtuma walitamani jibu zuri, lakini yeye alirudi na taarifa kwamba maji hayatoshi, na mpango ukafa. Mwaka 1912 alifanya uchunguzi kama huo Angola, na mwaka 1922 alikwenda na mwanawe hadi mipaka ya Tibet.

Alipokosa umakini

Ungetarajia mtu wa namna hiyo awe makini vilevile anapowatazama wanadamu. Haikuwa hivyo. Mwaka 1925 Gregory alichapisha kitabu kuhusu alichokiona kuwa tishio la watu wa rangi, ambamo alitetea mataifa ya weupe na ya weusi yaishi mbalimbali na kupinga kuchanganyika kwao. Aliurudia mwelekeo huo katika mhadhara wa mwaka 1931 kuhusu rangi na siasa.

Huyu ndiye aliyemkatalia Dawson kuamua kwa sura ya nje tu. Katika jiwe alitaka ushahidi wa ndani, akauliza joto lilifanya nini na maji yalifanya nini, na kama kuna njia nyingine ya kuufikia umbo ule ule. Kwa binadamu aliridhika na rangi ya ngozi, ilhali alikuwa ametembea miezi mitano na watu weusi waliomlisha, wakamuuguza na kumwelekeza njia.

Haitoshi kusema kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo ya zama zake. Katika Glasgow hiyo hiyo aliyofundisha, Modiri Molema wa Afrika Kusini alihitimu udaktari mwaka 1919, na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa chama cha ANC. Ushahidi ulikuwa ukipita mbele ya mlango wake.

Mwaka 2021 chuo hicho kiliondoa jina la Gregory kwenye jengo lake la sayansi ya ardhi, likapewa jina la Molema. Wapo walioona ni kumdhulumu marehemu asiyeweza kujitetea. Lakini kuondoa jina mlangoni si kufuta kazi yake, kwani Bonde la Ufa bado ni Bonde la Ufa, na andiko la 1894 bado linasomwa.

Kifo chake kilimkuta kazini. Mwaka 1932, akiwa na miaka 68, alikwenda Peru kuichunguza milima ya Andes. Tarehe 2 Juni mashua yake ilipinduka katika maporomoko ya Mto Urubamba, akazama.

Swali lake bado linaulizwa

Tangu hapo wataalamu wamepata walichokikosa Dawson na Darwin. Mwaka 1954 Stanley Tyler na Elso Barghoorn wa Marekani walitangaza vijidudu vya kweli ndani ya gumegume la eneo la Ziwa Superior, lenye umri wa miaka bilioni 1.9 hivi. Waliyaona maumbo mengi ya aina moja, yenye kaboni, ndani ya mwamba uliozaliwa majini na usioungua sana.

Lakini tahadhari ya Gregory haijapitwa na wakati. Mwaka 1993 William Schopf alitangaza nyuzi za bakteria katika gumegume la Australia lenye karibu miaka bilioni 3.5, mwaka 2002 Martin Brasier na wenzake walidai kwamba nyuzi hizo ni kazi ya madini na maji ya moto. Mwaka 1996 baadhi ya wanasayansi wa Marekani walisema wameona dalili za uhai katika kimondo kilichotoka sayari ya Mirihi, na wataalamu wengi hawakushawishika.

Mwaka 2024 chombo cha Perseverance kilikuta Mirihi jiwe lenye mabaka kama ya chui. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025 ulieleza kwamba mabaka hayo yana madini ya chuma, fosfati na salfa ambayo hapa duniani mara nyingi huhusishwa na kazi ya bakteria. Hata hivyo waandishi wake waliishia kusema ni dalili inayowezekana, kwa kuwa kemia tupu nayo haijaondolewa katika orodha ya washukiwa.

Hivyo ndivyo mtu aliyefunzwa na kisa cha Eozoön anavyosema. Hatosheki na umbo. Hutaka kujua mwamba ulizaliwa wapi, una umri gani, uliungua kiasi gani, kaboni yake ni ya namna gani, na kama madini yangeweza kufanya kazi hiyo yenyewe. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Maswali hayo yanaihusu Busia pia. Katika vilima vya Samia yamo mawe ya chuma yenye mistari, ya zama za zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Wahunzi wa Kisamia walipata sifa kwa majembe yao karne nyingi kabla ya mgeni yeyote kuandika kuhusu miamba hiyo. Wataalamu wanaamini kwamba mawe ya aina hiyo yalitokana na chuma kilichoyeyuka katika bahari za kale, na kwamba bakteria huenda walisaidia kukigandisha. Mistari hiyo si miili ya viumbe, na haifai kusema zaidi ya hapo, lakini huenda ni alama ya pumzi yao.

Kakapel nako, katika vilima vya Chelelemuk, chini ya mwamba wenye michoro ya kale uliotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, watafiti walieleza mwaka 2024 kwamba walipata mabaki ya kunde zenye umri wa takriban miaka 2,300. Punje hizo zilitunzwa kwa sababu ziliungua zikawa makaa. Moto ambao katika jiwe la Vesuvius ulighushi uhai, hapa uliuhifadhi.

Mtoto wa Moding anayeokota jiwe njiani akielekea shuleni ana haki ya kuyajua hayo. Ana haki pia ya kujua kwamba aliyeliita bonde letu kwa jina lake hakuwatazama watu wa nchi hii kwa macho aliyoyatazamia mawe yake, na kwamba kosa hilo halikutokana na uchache wa elimu. Mwamba wa Tororo utakuwapo kesho ukimngoja aulize umetoka wapi.